Kofia ya Nusu

Nilianza kujua kwa sindano.
Mize, dada yangu, ambaye Limbani nzima
humjua kwa wepesi wa mkono wake,
aliiacha kofia ya harusi ya Faki katikati:
upande umechanua viua, upande mtupu,
kama ukuta ambao mpaka chokaa aliitwa, asirudi.

Nikamuuliza. Akasema: kichwa.
Kesho yake mgongo. Keshokutwa moyo,
unakwenda mbio, akasema, na mie nimekaa.
Tukapima malaria. Hakuna.
Tukapima tena, maana karatasi hatukuiamini.
Hakuna. Presha sawa. Damu ipo.
Tukarudi na panadoli.

Kisha ile siku ya karafuu.
Jamvi limetandazwa kando ya njia, pishi kumi na mbili,
sare za skuli za watoto wawili zinakauka juani,
na mvua ikaja kutoka Mtambwe, tunaiona inakuja.
Mtaa mzima ulikimbia kukunja majamvi.
Mize alikaa barazani.
Si kwamba hakuiona. Aliniambia baadaye:
"Niliiona. Mkono ndio haukupatikana."

Watu wana maneno, wala hawakuyafanyia ubakhili.
Mvivu. Kafanyiwa. Anaringa, mume yuko Maskati.
Mama akaleta kombe kwa Maalim Mbarouk,
aya za zafarani zimeyeyuka ndani ya chupa ya soda.
Mize akanywa, akasema ahsante,
akageukia ukuta.

Siku ya tatu Maalim alikuja mwenyewe.
Alikaa, akatazama miguu yake, akasema:
"Kombe na anywe. Lakini mpelekeni hospitali.
Mie mwaka ule niliposema nina kifua,
hakikuwa kifua.
Nilimeza vidonge miezi tisa.
Na niliswalisha, na hamkujua."
Mama alikuwa akikoroga kikombe kisicho na chai.

Nesi Raya hakuwa na mashine.
Alikuwa na daftari na kiti kinachoyumba.
Unaamka saa ngapi?
Saa tisa, usiku bado mzima.
Chakula?
Kama kutafuna pamba.
Kipi ulikuwa ukikipenda?
Mize akafikiri mno. Akasema:
sindano ikitokeza upande wa pili.
Tangu lini?
Tangu Ramadhani.
Kisha, kwa sauti ileile, kama anayeuliza bei ya dagaa:
Umepata kutamani usiamke?
Nilitaka kumjibia: hapana, hapana.
Mize akasema: Ndiyo.

Paa halikutuangukia.
Nesi aliuliza mengine, polepole:
usiku unalala na nani, dawa ya panya iko wapi.
Jioni ile nikahamishia mkeka wangu chumbani kwake,
na ile dawa ya panya nikaizika nyuma ya choo.

Sonona, alisema Nesi. Una sonona.
Nikamkumbuka bibi, "moyo wangu wasonona,"
akifiwa na mtu, hata akifiwa na mbuzi.
Neno limekaa jikoni kwetu miaka yote hiyo
na hatukujua kwamba lina dawa.

Kidonge kimoja, jioni.
Wiki ya kwanza kinywa kikavu, basi.
Wiki ya pili akataka kuvitupa.
Nesi alikwisha tuonya: hii haina haraka ya panadoli.
Na kila Jumatano, kile kiti kinachoyumba, na maneno,
na kazi ya kwenda nayo nyumbani:
tembea hadi duka la Hamad, urudi.
Kitundu kimoja kwa siku. Kimoja tu.

Faki alioa na kofia ya kuazima. Alinuna kidogo.

Wiki ya saba nilikuwa ndani, nachambua mchele,
nikasikia dirishani sauti niliyokuwa nimeisahau ukali wake:
"Weye Time! Jamvi! Huoni wingu?"
Nilitoka mbio, pekupeku, nacheka kama punguani.

Kesho yake alilala kutwa.
Hilo nalo limo njiani, alisema Nesi.

Kofia ipo juu ya kabati.
Jana nilihesabu: vitundu thelathini na moja,
vingine vimepinda.